Jirani Aliyeamini Baruti

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alitengeneza kompyuta mchana kutwa kule Herndon, na akirudi nyumbani hakutaka kuona hata saa ya betri ukutani. Saa ya sebuleni kwake ilikuwa ya kutia ufunguo. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa na redio ndogo jikoni, na ile redio ilikuwa chanzo cha ugomvi wa kila siku. Jirani alidai inaunguruma. Bi Zuhura alimjibu kwamba anayeunguruma ni yeye.

Tuliishi jengo moja huko Amerika, mjini Falls Church, mimi ghorofa ya pili na wao juu yangu. Nilikuwa Mkenya mgeni, nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee Springfield, na wao walinipokea kama ndugu. Yeye alikuwa mtu wa Tanga. Habari za kwao hakuzisimulia, nami sikumdadisi. Aliniita "dada", nami nikamwita Jirani, na baada ya muda hata mkewe akawa ananiambia mlangoni, "Jirani yako anakuita, njoo umsikilize maana mimi nimechoka."

Kumsikiliza ndiko kulikokuwa na kazi. Jirani hakuzungumza na mtu, alimsomesha. Ungekwenda kuazima pasi, ukarudi baada ya kuelezwa jinsi pasi inavyopata moto. Ukimpinga alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, na kiliuma kuliko tusi. Niliwahi kumwona akimcheka hivyo imamu aliyekuja kumjulia hali, kwa sababu ya namna alivyoegesha gari. Lakini imamu huyo huyo gari lilipomharibikia kwenye barabara ya mzunguko, katikati ya theluji, ni Jirani aliyetoka na koti la mkewe, maana lake hakulipata upesi, akaenda kumvuta.

Mapenzi yake yalikuwa roketi. Si vile vijiroketi vya watoto vinavyouzwa dukani. Zake zilikuwa zinanifikia kifuani, nyingine zinanipita kimo, za karatasi nene iliyokazwa kwa gundi ngumu, na mapezi ya mbao aliyoyapiga msasa mpaka yakateleza kama sahani. Alikuwa na cheti cha kumruhusu kununua injini kubwa. Chumba chao cha pili, ambacho watu wengine wangeweka watoto au wageni, kilikuwa cha roketi. Zililala chini ya dirisha zikiwa zimefunikwa kwa khanga. Parachuti zake alizishona Bi Zuhura kwa cherehani yake, na alizishona vizuri, mshono juu ya mshono, ingawa alisema waziwazi kwamba anamshonea mtu mzima nguo za kuchezea.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa watu wa roketi kupanda si tatizo. Tatizo ni kushuka. Roketi ikifika juu kabisa, pale inapokaribia kusimama kabla ya kugeuka, ndipo parachuti itoke. Ikitoka mapema au ikichelewa, roketi inakuwa bado ina kasi, na kamba inaweza kukatika au kupasua kiwiliwili chote. Isipotoka kabisa, kinachorudi ni mkuki.

Basi zipo njia mbili za kuitoa parachuti, na juu ya njia hizo mbili Jirani angeweza kuongea mpaka chai ikapoa ikapashwa moto tena. Njia ya kwanza ni ya injini yenyewe. Baruti inayosukuma roketi ikiisha, kinabaki kipande kinachoungua polepole kama utambi, na kikifika mwisho kinawasha baruti kidogo inayoisukuma parachuti nje. Unachagua utambi mfupi au mrefu kabla ya kurusha, na ukishachagua umechagua. Njia ya pili ni altimita. Hiki ni kidude cha umeme kinachokaa ndani ya roketi na kupima hewa inavyopungua jinsi unavyopanda. Kikihisi kwamba hewa imeacha kupungua, kinajua roketi imefika juu, na hapo kinawasha baruti ya parachuti.

Mtu yeyote akisikia hivyo atasema altimita ndiyo yenye akili. Utambi haujui roketi iko wapi. Upepo ukiipinda roketi isifike juu kama ulivyotarajia, utambi unaungua vilevile, muda uleule, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jirani alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini yeye alikuwa mtu wa baruti. "Mimi nazika kompyuta kila siku, dada," aliniambia. "Zinakufa kama kuku wa mdondo. Jana inafanya kazi, leo imelala, na hakuna anayejua kwa nini. Baruti ukiiwasha inaungua. Basi."

Alikuwa na ushahidi wake, na aliutoa kila mara. Roketi yake ya kwanza kubwa, ile yenye parachuti ya rangi ya chungwa ambayo Bi Zuhura aliishona kwa wiki nyingi, aliirusha kwa altimita ya kuazima. Ilipanda vizuri sana. Kisha ikageuka, ikashuka kimya, ikazama ardhini mpaka kwenye mapezi. Waliichimbua kwa koleo. Parachuti ilikuwa bado imekunjwa ndani, haijaguswa. Tangu siku hiyo Jirani alimhesabu mtu mwenye altimita kama mtu aliyemkabidhi mlevi mtoto wake.

Bi Zuhura alinisimulia upande wake siku moja tulipokuwa tunachambua mchele. Alisema betri ya altimita ile mumewe aliifunga kwa gundi ya karatasi tu, kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri zamu yao. Roketi iliporuka, betri ikachomoka. "Kidude kilikosa nini?" aliniuliza. "Lakini umwambie wewe. Mimi nilimwambia mara moja, akaninunia mpaka Idi."

Rafiki mmoja wa kweli wa Jirani alikuwa Kasongo, Mkongomani wa Lubumbashi aliyeendesha teksi kwenye uwanja wa ndege wa Dulles. Mkewe na watoto wake walikuwa bado kwao, wanasubiri karatasi za kusafiria, na vita vilikuwa vimeanza tena. Kasongo alikuwa mtu mpole, mwenye kutabasamu kabla hujamaliza kusema. Siku moja alimpakia Jirani kwenye teksi akiwa amekumbatia bomba refu la karatasi, akamuuliza ni la nini, na Jirani akamsomesha njia nzima. Kasongo hakuchoka. Nadhani ndiye mtu pekee niliyemwona akimsikiliza Jirani kwa furaha. Aliniambia kwamba akiwa ndani ya teksi siku nzima kichwa kinazunguka nyumbani tu, lakini akishika msasa kichwa kinatulia.

Walijenga roketi moja kwa pamoja, kubwa kuliko zote, majira ya baridi yote. Niliwasikia juu yangu wakikwaruza, wakiambiana hatua. Jirani alimpigia Kasongo kelele kama mwanafunzi, na Kasongo alijibu, "Ndiyo, Papa," akafanya. Mara moja tu hakusema ndiyo. Alitaka waweke altimita. Tena hakusema waache utambi wa injini. Alisema waweke vyote viwili, kimoja kikikosea kingine kiokoe. Wengi katika klabu yao ya warusha roketi walifanya hivyo. Jirani alikataa. Alisema akiweka vyote viwili atakuwa amekiri kwamba haamini alichokijenga kwa mikono yake.

Basi Kasongo alijinunulia altimita yake mwenyewe. Aliileta siku ya kurusha ikiwa katika mfuko wa shati.

Tulikwenda sote wanne, kwenye shamba la nyasi upande wa Maryland. Mimi na Bi Zuhura tulibeba sambusa na chupa ya chai. Kulikuwa na watu wengi wamekaa kwenye viti vya kukunja, na roketi zilikuwa zinaruka moja baada ya nyingine. Asubuhi ilikuwa shwari, lakini kufikia zamu yetu upepo ulianza kuvuta bendera iliyokuwa mezani kwa wasimamizi. Msimamizi mmoja, mzee wa Kiamerika mwenye kofia ya majani, alimuuliza Jirani kama amefikiria upepo. Jirani alisema amefikiria. Ndipo Kasongo alipotoa altimita mfukoni, akasema kuna nafasi ndani, kuiweka hakutachukua muda.

Jirani akacheka. Alicheka kile kicheko chake mbele ya watu wote waliokuwa mezani, kisha akawaeleza kwa Kiingereza kwamba rafiki yake huyu dereva wa teksi amekuja kumfundisha. Watu wawili watatu walitabasamu kwa adabu. Kasongo naye akatabasamu. Akairudisha altimita mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

Roketi iliruka kwa kishindo nilichokisikia tumboni. Ilipotoka tu kwenye mlingoti wa kurushia, upepo ukaipata. Badala ya kwenda juu wima iliinama kuufuata upepo unakotoka, na ikawa inapanda kwa mshazari, juu yetu sisi. Hata mimi nisiyejua nilijua haitafika ilikotakiwa kufika. Ilifika kileleni ikiwa chini kuliko hesabu, ikageuka pua, ikaanza kuja. Utambi ulikuwa bado unaungua ndani yake. Jirani alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Toka, toka, toka."

Parachuti ilitoka. Sitaki mtu aseme haikutoka. Ilitoka ikiwa imechelewa, roketi ikiwa na kasi kubwa, na kamba ikapasua kiwiliwili kutoka juu hadi katikati, ikakatika. Parachuti ikabaki hewani peke yake, inaelea. Kilichobaki kilikuja.

Watu walipiga kelele, wakakimbia. Kasongo alikuwa ameangalia juu kwenye jua na hakuwa anaiona. Alisimama palepale, mkono juu ya macho, anageuza kichwa. Ikampiga mguu wa kushoto, chini ya goti.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nimefanya kazi na miili ya watu kwa miaka, lakini mfupa wa mguu ule sikuuona ukiwa kitu kimoja. Nilimfunga kwa mtandio wa Bi Zuhura, nikaukaza. Kasongo hakulia. Aliniuliza kwa utaratibu kabisa, "Mama, mguu iko?" Nikamwambia upo. Jirani alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, mikono imening'inia, na hakuja karibu mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitalini walipomkata nguo, muuguzi alinipa vilivyokuwa mifukoni. Altimita ilikuwa nzima. Nilimpa Bi Zuhura, akaitia kwenye droo ya vijiko.

Wapo watu waliosema baadaye kwamba Jirani alibadilika akawa mnyenyekevu. Mimi sikuuona unyenyekevu huo. Kasongo alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, mfupa ukaingia vijidudu, na mwishowe wakamkata mguu juu ya goti. Siku aliyotoka hospitali Jirani alikwenda kumchukua bila kumuuliza mtu, akamleta kwao. Kabla ya hapo alikuwa amezitoa roketi zote chumbani, akazivunja kwa goti moja moja, akazitupa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo. Kitanda cha Kasongo kikawekwa chini ya dirisha.

Akauguza mtu kama alivyojenga roketi, kwa amri. Dawa zilitolewa kwa saa ya ukutani. Aliomba zamu ya mchana ibadilishwe iwe ya alfajiri ili arudi mapema amwogeshe mwenyewe, na hakumruhusu Bi Zuhura wala mimi kumgusa isipokuwa kwenye kidonda, ambacho nilikuja kukifunga mimi. Alimkemea asipokula. Alimkemea asipofanya mazoezi. Kasongo kila mara alisema, "Haina neno, Papa." Mguu ukimuuma, haina neno. Akimwagiwa maji ya moto kwa bahati mbaya, haina neno. Watu wakija kumwona wakauliza ilikuwaje, Kasongo ndiye aliyewahi kujibu: ilikuwa ajali, upepo ulibadilika, kila mtu anajua upepo.

Jirani aliposikia hivyo alitoka chumbani.

Mara moja alirudi kule shambani pamoja na mkewe. Bi Zuhura ndiye aliyenisimulia, maana Jirani mwenyewe asingesema. Hakwenda kurusha. Alisimama karibu na meza ya wasimamizi, akamuuliza mama mmoja aliyebeba roketi yake, parachuti yako inafunguliwa na nini. Yule mama akasema na injini. Jirani akamwambia aongeze altimita. Mama yule, kwa uzuri tu, akamuuliza kwa nini. Jirani akarudi kwenye gari, na Bi Zuhura akamkuta ameshika usukani, gari limezimwa.

Nilimuuliza Bi Zuhura nyumba ikoje. Alikuwa amekonda. Akasema, "Wanaoneana haya hao wawili mpaka nyumba haina hewa. Mmoja akikohoa, mwingine anaomba radhi."

Mimi nilihamia Springfield kuwa karibu na kazi, nikawa naenda kwao Jumamosi tu. Ziara ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa mchana, wakati miti ya mbele ya jengo ilipokuwa imeanza kutoa maua. Kasongo alikuwa ametoka kuzungumza na watoto wake kwa simu, na uso wake ulikuwa umefungika. Nilimfungua bandeji, nikaona kidonda kimekauka vizuri, nikamwambia. Jirani alikuwa amesimama kando na beseni, taulo begani. Akaanza kumsomesha habari ya mguu wa bandia, jinsi unavyofungwa, kosa gani watu hufanya.

"Haina neno, Papa," Kasongo akasema.

Jirani akaweka beseni chini kwa nguvu, maji yakamwagika kwenye zulia. "Usiniambie haina neno," akasema. "Neno lipo. Ulisema tuweke altimita. Nilikataa mimi."

Kasongo alimtazama. Lile tabasamu lake lilikuja, halafu nikaliona likiondoka, na uso uliobaki sikuwahi kuujua.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema. Na ulinicheka mbele ya bantu, mbele ya watu wote."

Nilishika bandeji mkononi nisijue niendelee au niache. Jirani akaketi chini kwenye zulia lililolowa, mgongo ukutani, akawa chini kuliko kitanda. "Endelea," akasema.

Kasongo akaendelea. Alisema kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa, mambo mengine sikuyashika. Alisema juu ya teksi. Alisema juu ya mtoto wake wa mwisho aliyemuuliza kwenye simu kama mguu utaota tena. Alisema namna anavyoichukia sauti ya maji yakijazwa beseni, kwa sababu anajua anakuja kuogeshwa kama mtoto na mtu ambaye hawezi kumkasirikia, kwa kuwa anakula chakula chake na kulala chini ya dari lake. Alisema alimpenda kama kaka mkubwa, na kwamba kile kicheko kilimuuma kabla ya roketi.

Bi Zuhura alifika mlangoni na sinia ya chai. Nikamfanyia ishara. Akaiweka chini palepale kwenye kizingiti, akasimama.

Jirani alikuwa akitazama mikono yake. Kasongo aliponyamaza, akauliza, "Utanisamehe?"

"Sijui," Kasongo akasema. "Leo hapana."

"Sawa."

"Na kesho nitasema tena. Sijamaliza."

"Sema," Jirani akasema. "Nitakuwepo."

Nilimaliza kufunga bandeji, nikachukua mkoba wangu, nikaruka ile sinia. Bi Zuhura alinishika mkono kidogo, akauachia. Nilipokuwa nashuka ngazi Kasongo alikuwa ameshaanza tena. Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakuna aliyekuwa akimkatiza.